Mshono wa Tanga

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mwaka wa kwanza wa vita, mume wangu aliwasha kandili akaniambia nivue nguo. Alikuwa fundi wa mashua pale Kismayu, na jana yake alikuwa ameiuza ya mwisho. Noti za elfu elfu, mafungu tisa ya noti mia mia, alikuwa amezipanga ndani ya mkanda wa kitambaa cha marekani, kisha akaupaka sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka mbao zisinywe maji. Aliuzungusha kiunoni mwangu akaushona mshono wa tanga, usio na fundo la kufungua.

"Usiukate mpaka nije," alisema. "Hata ukizama, pesa haziloi."

"Na mimi je?"

"Wewe unajua kuogelea."

Yeye alibaki kumlinda mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mimi niliondoka na dada yake. Bandarini kijana mwenye bunduki alilitazama tumbo langu akasema kwa Kisomali, mpisheni mama mjamzito. Niliweka mkono kiunoni nikapita. Ndivyo nilivyovuka hadi kisiwa cha Ngumi, na kutoka Ngumi hadi kambini Mombasa, na tumbo lisilokuwa langu.

Wakati wa upepo wa kusi mkanda ulivumilika. Nikioga, nilipenyeza maji kwa vidole chini yake hadi yaguse ngozi. Sikulala kifudifudi wala ubavu. Kila nilipoketi niliupapasa, nikasimama, nikaketi tena. Kiuno changu chenyewe nilikuwa sikikumbuki.

Kisha kaskazi ikaingia, na joto likaja nayo. Nyuma ya ua wa makuti wanawake walivua mabuibui wakabaki na leso kifuani, mabega wazi, wakipakana liwa ya kupoza ngozi na kupepeana. Mimi niliketi kando na buibui langu, natoka jasho hadi machoni.

"Mwenzetu," jirani mmoja aliniambia, "ulikuja na tumbo hilo masika, na sasa masika mengine yanakaribia. Ni mimba ya ndovu?"

"Ndovu hanuki papa," mwingine akadakia.

Walicheka, nami nikacheka. Halafu nikaingia hemani, nikatoka, nikaingia tena. Wifi alinifuata.

"Mchu mzima hushonwa kama gunia?" aliuliza kwa lahaja ya kwetu.

"Kaka yako alisema nisikate."

"Kaka yangu aliogopa uzame. Hujazama. Unaoza."

Nilimwambia aniache. Pesa zile zikipotea, mashua nyingine ingetoka wapi? Na akija akanikuta nimekata, si atajua kwamba nilichoka kumngoja? Lakini chini ya mkanda vipele vilikuwa vimekuwa vidonda, na kila nilipoinama uzi uliingia nyamani. Siku ya tatu nilimpa wifi wembe nikageukia turubai la hema.

Mkanda ulianguka kwa kishindo. Nilijishika tumbo, nikalikuta jembamba, limelegea, lina michirizi na mfuo mwekundu wa kuzunguka, kama chombo kilichofungwa kamba muda mrefu. Niliona haya. Nikataka kujifunika.

"Twende baharini, maji yangali yamejaa," wifi akasema.

Upande wa wanawake hapakuwa na mtu. Niliingia na leso. Chumvi ilinichoma nikauma meno, kisha ikaacha kuchoma. Nililala chali, leso ikapanda ikaelea kando, na tumbo langu likajitokeza juu ya maji, jua likaliwakia. Nilikitazama kitovu changu kama jirani wa zamani niliyepotezana naye. Niligeuka ubavu, nikageuka kifudifudi, nikarudi chali, kwa sababu tu niliweza.

"Toka, maji yanakupwa," wifi aliita.

"Niache."

"Na vidonda?"

"Navyo viache."

Jioni alinipaka liwa, nikakaa uani na leso kama wenzangu. Yule jirani alinitazama kiunoni. "Umejifungua nini?"

"Mashua," nikamjibu.

Tulipoufumua mkanda, noti zilikuwa zimegandamana kama tende, rangi imetoka. Sifa ilizuia maji ya nje yasiingie. Jasho na joto langu navyo havikuwa na pa kutokea.

Mume wangu alifika baada ya Idi, amekonda, akiwa amemzika mama yake. Nilimweleza yote kabla hajaketi. Aliuliza kama mfuo ungalipo. Nikamwonyesha. Aliupitishia kidole polepole, kama anavyokagua maungio ya mbao.

"Mbao hazitoki jasho," alisema. "Sikuliwaza hilo."

Mfuo haujafutika. Kaskazi ikiingia hugeuka mweusi kwa jua, nami huenda nao baharini. Katika mafungu tisa, moja la mgongoni lilipona. Hasara yetu ilikuwa shilingi za Kisomali laki nane.