Mama Mwenye Mke

Jumanne, katika ofisi ya akiba ya wafanyakazi mjini Kitui, mama mmoja mzee, mfagiaji wa hospitali, alitaka akifa, makato ya mshahara wake yawafikie wanawe wawili.

“Uliwazaa wapi?” karani akauliza.

“Sikujaliwa kuzaa. Aliwazaa mke wangu huyu. Nilimtolea mbuzi wa mahari, kama ilivyo desturi yetu Wakamba.”

“Mama, serikali haijui mwanamke aliye na mke.”

“Kunikata mshahara ilijua, mwanangu.”

Mke akamrekebishia mzee leso begani, taratibu, kama mtu anayefunika chakula kisipoe. Karani akawatazama, kisha akashusha sauti.

“Hata mama yangu aliolewa na mwanamke. Huyo ndiye aliyenisomesha.”

Akawaandika watoto wote wawili, akagonga muhuri.

Sheria ilitungwa Nairobi. Afadhali karani alizaliwa Mutomo, huku huku Ukambani.