Dawa ya Watu Thelathini na Wanane

Mkemia wa maabara moja alikuwa amehangaika miaka kumi na moja na ugonjwa wa misuli uliowapata watu thelathini na wanane tu nchini. Mama mkwe wake alimshangaa.

"Mwanangu, mafua yanatutesa sote, wewe unawashughulikia watu wasiojaza hata basi moja?"

"Dawa za mafua zimejaa kila duka, mama. Hawa hawana mtu."

Hatimaye dawa ikapatikana na ikafanya kazi, ila ilikuwa chungu kama shubiri, na watoto waliitema. Mkemia akaanza kutafuta ladha ya kuficha uchungu. Badala ya dawa yenyewe, alichanganya sharubati na unga mwingine mchungu usio na madhara, akaileta nyumbani ionjwe. Mumewe alisifu kila chupa, maana alipenda amani. Mama mkwe hakuwa na haya.

"Hii ni sabuni," alisema. Wiki iliyofuata akasema, "Hii ni sabuni yenye sukari."

Chupa ya kumi na tisa ilikuwa ya ukwaju. Akainywa, akalamba kijiko.

"Vipi, mama?"

"Sijaisikia vizuri. Niongezee."

Miezi minane baadaye walikwenda wote kliniki kuwaona wagonjwa waliokuwa wakinywa dawa hiyo yenye ladha ya ukwaju. Msichana wa miaka tisa, aliyezoea kubebwa na baba yake, alipanda ngazi sita kwa miguu yake, akishika ukuta. Mkemia akajifanya anasoma fomu.

"Futa machozi, mwanangu," mama mkwe akamnong'oneza. "Fomu yenyewe umeishika kichwa chini miguu juu."