Tulivyoshona Bendera ya China Pale Pumwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa rinda langu la kanisani. Msimamizi wa karakana alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kushona au nimekuja kuolewa. Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo mwanzo. Nilikuwa nimetoka Bungoma na kukaa Pumwani mwaka mzima nikishona sare za shule barazani, mpaka jirani akaniambia kwamba karakana ya bendera ya serikali, ile iliyo ng'ambo ya soko la Gikomba, inatafuta fundi.

"Unajua mshono bapa?" Msimamizi aliuliza.

"Najua, mzee."

"Hebu nione."

Mshono bapa ni ule wa kukunja pindo mbili za kitambaa zikaumana, kisha ukapitisha cherehani mara mbili, ili upepo usipate pa kushika. Nilimshonea kipande chekundu na cheupe. Alikishika kwa mikono yote miwili akakivuta kama mtu anayenyonga kuku. Hakikuachia. Akanionyesha cherehani iliyokuwa karibu na dirisha, na hapo ndipo nilipokaa hadi nywele zangu zikawa nyeupe.

Vijana wa siku hizi mnaona bendera inatoka kwenye mashine imeshachapwa, rangi zote kwa mpigo mmoja. Sisi tulikata kila rangi peke yake na kuiunga. Ngao ya bendera yetu tuliibandika pande mbili, vipande viwili vikiwa mgongo kwa mgongo, kitambaa kikiwa katikati, ili anayesimama upande huu na anayesimama upande ule waone kitu kimoja. Ukikosea kidogo tu, upande wa pili unaonyesha ngao mbili zilizopishana, na Msimamizi anakurudishia kazi bila hata kusema neno.

Msimamizi huyu alikuwa ameshonea jeshi la wakoloni magwanda, na kutoka huko alileta sheria moja: kila kitu kisimame wima. Ngao iwe wima, ncha za mikuki zitazame juu, na nyota isimame kwa miguu yake miwili, kichwa juu. Nyota iliyoinama kwake ilikuwa kazi ya mlevi. Sheria hiyo alitutia vichwani mpaka hata nikiwa nyumbani natandika kitanda, naanza kunyoosha maua ya shuka.

Tukiwa pale tulijua siasa za nje kuliko watu wanaosoma magazeti. Kiongozi wa nchi fulani akitarajiwa, sisi ndio wa kwanza kuambiwa, maana bendera yake lazima ishonwe. Nchi ikigombana na yetu, kitambaa chake kinarudi kabati la chini. Na miaka ile yote ya sabini, bendera ya China haikuitishwa hata mara moja. Serikali zetu mbili zilikuwa zimenuniana. Ajabu ni kwamba bidhaa zao hazikununa na mtu. Mtaa mzima wa Majengo ulikuwa ukinywea chai vikombe vya bati vyenye maua kutoka China, na cherehani yangu yenyewe, nyeusi, yenye gurudumu zito, ilitoka huko huko. Fundi Salim, jirani yangu wa cherehani, mtu wa Majengo asiyeweza kukaa kimya, alikuwa akisema, "Hawa watu hawaongei na sisi, lakini asubuhi ndio wanatupikia chai!"

Miaka ya themanini ilipoanza, mambo yakageuka. Viongozi wakatembeleana, tukasikia China itatujengea uwanja mkubwa wa michezo, na siku moja Afisa wa Itifaki akaja karakanani. Itifaki ni ile idara inayopanga mgeni wa serikali apokewe vipi, asimame wapi, apigiwe wimbo gani. Afisa alikuwa kijana, suti imemkaa, viatu vinang'aa hata kwenye tope la Gikomba.

"Mkubwa kutoka China anakuja," alisema. "Nataka bendera zake kuanzia uwanja wa ndege hadi mjini, na ubalozi wao utazikagua kwanza. Na niwaambie ukweli, wazee. Wakubwa wangu wanataka tuagize bendera ng'ambo, zile za kuchapwa. Hizi zikikataliwa, karakana inafungwa."

Mimi wakati huo mume wangu alikuwa ameshaniacha na watoto, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba. Salim alikuwa na wake wawili na mdomo mmoja, na kwa mara ya kwanza mdomo huo ulifungwa. Msimamizi alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Aliogopa kustaafu pamoja na karakana yake.

Tulianza. Afisa alituletea picha ndogo ya bendera iliyokatwa kwenye kitabu, ukubwa wake kama kiberiti. Nyekundu yote, nyota moja kubwa ya manjano pembeni juu, na nyota nne ndogo zimeizunguka upande mmoja. Kwenye picha ile nyota ndogo zilikuwa kama punje za mtama. Huwezi kuona zimekaaje, na sisi hatukujiuliza. Nyota ni nyota, na kwetu nyota husimama. Tukazikata, tukazibandika pande mbili, tukazishona wima moja baada ya nyingine. Msimamizi alipita na rula yake akizipima, na kila alipopita alitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo.

Siku ya ukaguzi ubalozi haukumtuma mwanamume mwenye miwani kama tulivyotarajia. Alikuja mama wa makamo, nywele zimekatwa fupi, koti la buluu, anaitwa Bi Lin. Akasimama mlangoni akasema, "Hamjambo, mafundi? Poleni kwa kazi." Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Alikuwa amekisomea Peking, mji mkuu wa kwao.

Salim akasahau hofu. "Maskini mimi! Mama, wewe si wa Lamu kweli?"

Bi Lin alicheka, kisha akaenda mezani. Alivuta mshono kama Msimamizi alivyouvuta wangu siku ya kwanza. Akageuza upande wa pili. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu kidole chake kikatua juu ya nyota ndogo na hakikuondoka.

"Hizi zimesimama wima," alisema polepole.

"Zote," Msimamizi akajibu kwa fahari. "Unaweza kuzipima."

"Mzee wangu, hazitakiwi kusimama. Kila nyota ndogo huelekeza ncha yake moja kwenye moyo wa ile kubwa."

Bendera zilikuwa zimejaa meza tatu, na mgeni alikuwa njiani. Msimamizi aliishika rula yake kwa mikono miwili, akakaa. Afisa wa Itifaki akavuta pumzi, akafungua kalamu.

"Basi," akasema, "nitaandika kwamba ubalozi umezikataa."

Bi Lin alimgeukia kwa upole kabisa. "Nimezikataa? Mimi bado sijaziona. Leo nimekuja kunywa chai na mafundi. Kuziona nitakuja Jumatatu."

Nimeishi nikisikia mabalozi wengi wakihutubia, na sijasikia hotuba ya ubalozi iliyoishinda hiyo. Afisa alibaki na kalamu wazi, kisha akaifunga. Mimi nikaenda kuchemsha chai, nikaileta kwenye vile vikombe vya maua. Bi Lin alipoviona akakiinua kimoja juu kusoma maandishi ya chini yake, akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao.

Kisha alivua koti, akaketi kwenye cherehani yangu bila kuniomba. Alitutolea hadithi yake huku miguu ikikanyaga. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kabla ya kupelekwa shule ya lugha. "Nilipokuwa msichana, kwetu kitambaa kilinunuliwa kwa tikiti za mgao wa serikali," alisema. "Mama anakusanya tikiti hadi zitoshe suruali ya mtoto mmoja, wengine wanangoja. Tulianzia hapo. Sasa cherehani zetu zinashona Nairobi."

Akatuonyesha njia ya kiwanda chao. Unachoma pini katikati ya nyota kubwa, unafunga uzi, unauvuta hadi katikati ya nyota ndogo. Ncha moja ilale juu ya uzi. Basi, kwisha. Hakuna rula wala kupima.

Kilichobaki kilikuwa ni kufumua, na kufumua kulinitisha zaidi. Ukitoa nyota kwenye kitambaa chekundu, matundu ya sindano yanabaki yakichora nyota ya zamani, na kila mtu ataona mlichokosea. Hapo sote tulisaidiana. Tulilowesha mahali pale kidogo, tukasugua kwa mgongo wa kijiko, mbele na nyuma, nyuzi zikarudiana taratibu, kisha tukapiga pasi ya makaa. Jumamosi yote tulisugua. Jumapili nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja karakanani, na mara hii Msimamizi hakuniuliza kuhusu rinda. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika uzi. Akailaza nyota ya kwanza juu ya uzi, akaitazama sana, akasema, "Kumbe nayo huinamisha kichwa kumwamkia mkubwa, kama mtoto wa Kiafrika!" Tulicheka mpaka machozi, na yake sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko.

Jumatatu Bi Lin alikuja, akageuza bendera moja baada ya nyingine. Alipomaliza alimwambia Afisa maneno machache tu: "Sasa nimeziona. Ni nzuri sana."

Siku mgeni alipofika tulipewa ruhusa ya kwenda kumtazama. Nusu ya Eastlands, mitaa yetu ya mashariki, ilikuwa imetoka kando ya barabara, watoto wa Makongeni, akina mama wa Kaloleni, vyama vya ngoma. Upepo ulikuwa mkali, na bendera zetu zilipiga kelele juu ya vichwa vya watu, za kwetu na za kwao kwa zamu, wala hakuna iliyoachia uzi. Msafara ulipopita Salim alikuwa akiwashika bega watu asiowajua. "Unaona hiyo? Ni yangu! Na hiyo! Na ile ni ya huyu mama!" Nilimwambia anyamaze, lakini kusema kweli nilitaka aendelee.

Karakana haikufungwa. Uwanja ulipokamilika, na michezo ya Afrika nzima ikachezewa humo, bendera za mataifa yote zilizozunguka uwanja zilikuwa zetu. Msimamizi alistaafu kabla ya hapo kwa heshima zake, na cheo chake nikapewa mimi. Nilipata nyumba Donholm, watoto wakasoma.

Siku yangu ya kustaafu nayo ikafika. Yule Afisa wa Itifaki, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi mwenye kitambi na mvi, alikuja mwenyewe na kifurushi. Ndani mlikuwa na bendera ya China, moja ya zile za kwanza tulizozifumua, aliyoihifadhi miaka yote hiyo. Niliipeleka dirishani, karibu na cherehani yangu, nikaiinua juu mwanga upite. Nikaikagua nyota moja moja, mbele na nyuma.

"Unatafuta nini, mama?" aliuliza.

"Matundu."

Akaja akasimama kando yangu, tukatafuta pamoja. Hatukuona hata moja.