Podo Isiyo na Kelele

Mbithe hakuwahi kumwamini mteja anayesema "nipe tu ile nzuri." Mteja wa kweli hukunja uso, hugeuza kitu juu chini, hulalamika ngozi imekauka vibaya hata kama hajui ya mbuzi wala ya ng'ombe. Lakini yule mwanamume wa Ruiru aliyeingia kibandani Jumanne asubuhi alimtia wasiwasi kuliko hao wote. Huyo alijua hasa anachotaka.

Kibanda chenyewe kiko Makongeni, Thika, ubavuni mwa jiko la Wamboi wa mandazi. Mbithe hununua vipande vya ngozi vinavyobaki kiwandani, akavishona mishipi, mikoba, ala za panga, na zaidi ya vyote, podo za kubebea mishale. Ukiona wacheza ngoma ya Kikamba wamejipanga kwenye harusi huku Thika, ile podo iliyo begani mwa kiongozi wao huenda ilitoka mikononi mwake. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, aliyewinda huko Mwingi kabla ya serikali kupiga marufuku na, tuseme tu ukweli, hata baada ya hapo.

"Sasa, mama," mwanamume alisema. "Naitwa Rajiv. Nina duka la vigae pale Ruiru. Natafuta podo."

Mbithe alimshushia ile inayopendwa na kila mtu, ya shanga nyekundu, yenye njuga zilizoshonwa kuzunguka mdomo. Rajiv aliitikisa mara moja, njuga zikapiga kelele kama mbuzi wa sikukuu, naye akacheka.

"Hii itanifukuzia wanyama wote mpaka Murang'a."

Sindano ya Mbithe ilisimama katikati ya ngozi. "Wanyama gani?"

"Nataka podo ya kuwinda."

"Haiya!" Wamboi alisema kule kwake, mwiko ukiwa juu.

Mbithe alimpima kuanzia viatu. Kuwinda, katika Kenya hii, ambapo ukikutwa hata na mguu wa digidigi unalala ndani! Basi huyu ama alikuwa askari wa wanyamapori aliyevaa nguo za nyumbani, ametumwa kumtega, ama alikuwa mla nyama ya wizi mwenye gari zuri. Hakuona jibu la tatu.

"Mimi hushonea watu wa ngoma," alisema. "Mambo ya kuwinda siyajui."

"Si hapa, mama. Mwezi wa sita naenda Afrika Kusini. Kule inaruhusiwa, una kibali chako, una mtu wa kukuongoza. Lakini mimi sitaki mavifaa ya plastiki. Nataka ya kienyeji, upinde wa mti na podo ya ngozi."

"Mm," alisema Mbithe. Afrika Kusini ni mbali, na uongo wa mbali hauna wa kwenda kuukagua.

Hata hivyo hakumfukuza. Alitaka kumwona akichagua. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo kutwa nzima, lakini mkono wake ukishika kitu unasema ulikotoka.

Rajiv alianza na ile pana ya ngozi ya ng'ombe. Akatoa mishale mitatu kwenye mfuko aliokuja nao, akaitumbukiza, akainama kama mtu anayepita chini ya miiba. Mishale ikagongana. Akairudisha msumarini. Ya pili haikuwa na mfuniko. Akainama, mishale ikamwagika miguuni pake. Ya tatu ilikuwa na mfuniko mzuri, ila ulilia kila ulipofunguliwa. Akafika kwenye ile nyembamba isiyo na pambo hata moja, iliyokaa ukutani tangu mwaka jana kwa sababu wacheza ngoma waliiona kama mfuko wa maiti. Hapo Rajiv alifunga macho. Akaisogeza sikioni, sikio la kushoto, akaitikisa polepole. Kisha akaingiza pua mdomoni mwa podo, akavuta pumzi.

"Haigongi," alisema. "Lakini bado inanuka dawa ya kiwandani. Swala atajua nakuja nikiwa bado Juja."

Mbithe aliweka sindano chini. Sikio la kushoto, macho yamefungwa, kisha pua. Hivyo ndivyo baba yake alivyochagua podo, na wala hakuwafundisha watu barabarani. Waliobaki duniani wanaojua kufanya hivyo walikuwa wawili. Mmoja ni yeye. Wa pili alikuwa mdogo wake, Muoki.

"Hebu nione hiyo mishale," alisema.

Karibu na manyoya, kwenye mti, palikuwa na alama iliyochomwa kwa moto: mistari miwili na nukta. Wawindaji wa Kikamba hutia mishale alama ya ukoo, ili mnyama akianguka watu wasigombane nyama ni ya nani. Mistari miwili na nukta ilikuwa ya kwao kina Mbithe.

"Mishale umeitoa wapi?"

"Mwalimu wetu alinitengenezea. Hutufundisha kila Jumamosi, Mugutha. Mzee mpole sana, haongei."

Muoki mpole! Muoki huyu huyu aliyewahi kufungwa kwa sababu ya digidigi wawili upande wa Kilimambogo, akatoka jela amekonda mpaka nguo zikambeba yeye! Hakimu alimwambia wazi kwamba akirudi hapo hatahurumiwa. Siku aliyotoka, Mbithe aliuchoma upinde wake mbele ya macho yake na kumwapisha, kisha akampa chumba cha nyuma ya nyumba yake. Mama yao alipokufa Muoki alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Mbithe. Kumzika huko jela hakuwa tayari.

Na kila Jumamosi huyo Muoki alimwambia anaenda Mugutha kufyeka nyasi.

"Hii podo haijaisha," Mbithe alimwambia Rajiv kwa sauti tamu ambayo Wamboi hakuwahi kuisikia. "Nitaitoa harufu, niitie kitambaa ndani. Jumamosi nitakuletea huko huko."

"Usisumbuke, mama, nitatuma mtu."

"Nitaileta mwenyewe."

Rajiv aliuliza bei, akakubali bila kubishana hata kidogo. Hilo nalo Mbithe hakulipenda.

Jioni alimtilia Muoki ugali, akaketi mbele yake badala ya kando.

"Jumamosi unaenda wapi?"

"Kufyeka. Si unajua."

"Na panga lako mbona limeota kutu?"

"Natumia la kwao."

Mbithe alimtazama vidole. Viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na sugu pale ambapo kamba ya upinde hukaa. Mpini wa panga hautoi sugu pale.

Kesho yake alimweleza Wamboi, kwa sababu lazima mtu aelezwe. "Anawinda, nakuambia. Na yule wa vigae ndiye mnunuzi."

"Wee Mbithe, muache huyo mtu. Muoki ni mtu mzuri."

"Wewe umemjulia wapi uzuri?"

Wamboi aliinama kugeuza mandazi ambayo yalikuwa yamegeuzwa tayari.

Jumamosi Mbithe alitia podo mbili kikapuni, ile nyembamba na ile ya njuga. Kwa nini mbili, hakuwa na hakika bado. Kiwanja cha Mugutha kilizungushiwa ua wa miti ya miiba ya kaiyaba, na badala ya kubisha alitafuta mwanya akachungulia. Aliwatafuta watu wenye visu. Alitafuta moshi. Alimwona Rajiv na wenzake wachache wakiwa na pinde, na mbele yao nguruwe mkubwa aliyetengenezwa kwa gunia na majani makavu, mwenye macho ya rangi nyeupe na tabasamu. Nyuma ya Rajiv alisimama Muoki, akimsukuma kiwiko kwa kidole kimoja. Begani alikuwa na podo ya bomba la maji lililoviringishwa gunia.

Mbithe aliingia.

"Muoki."

Muoki aligeuka, na pamoja na umri wake wote akaficha mikono nyuma. "Mbithe. Umefika."

"Nimefika. Hii ndiyo kufyeka?"

"Uliniapisha nisipige mnyama. Huyo ni gunia."

"Na baada ya gunia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa kabisa!"

"Kumbe ni dada yako?" Rajiv aliuliza. "Mbona hukusema, mwalimu?"

"Wewe nyamaza kidogo," Mbithe alimwambia. Rajiv akarudi nyuma hatua moja.

Alimvua Muoki lile bomba, akatoa mishale yake mmoja mmoja, akanusa kila ncha. Sumu ya mishale ina uchungu unaokaa puani, na yeye aliujua tangu utoto. Hakuupata. Akafungua mkoba wa Muoki. Palikuwa na chupa ya uji na mandazi mawili kwenye karatasi. Hapakuwa na unyoya wala damu. Watu walikuwa wakitazama juu mbinguni kwa adabu.

Basi akamnyooshea Rajiv podo yake. Hapo ndipo Muoki alipoharibu kila kitu. Alinyoosha mkono akaichukua kwanza yeye, akafunga macho, akaitikisa sikioni, akainusa. Uso wake ulibadilika ukawa wa baba yao alfajiri anapotoka kwenda porini. Mbithe aliona vile vidole vilivyokuwa vizito kuiachia.

"Ulishona vizuri," Muoki alisema. "Mtu akibeba hii hata nyasi hazimjui."

"Mpe mwenyewe," alisema Mbithe.

Muoki alimpa. Macho yake yaliifuata mpaka begani mwa Rajiv.

Kumbe hii ndiyo sababu alikuja na mbili. Mbithe aliingiza mkono kikapuni, akatoa ile ya shanga, njuga zikapiga yowe kiwanja kizima.

"Mwalimu hawezi kubeba bomba la choo," alisema. "Shika. Hii ni yako."

"Mbithe, tafadhali. Nitaonekana kama nimetoroka kwenye ngoma."

"Kuonekana shauri yako. Mimi nataka usikike."

"Nitakata njuga."

"Kata. Nimezishona kwa kano, ndani ya ngozi mbili. Mkono wangu naujua, na wa mwingine ukipita juu yake nitajua pia. Utaenda nayo na utarudi nayo. Siku utakayorudi bila mlio, nitajua ulikopitia."

Rajiv alicheka mpaka akakaa chini. Muoki hakucheka, ila aliivaa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jioni Mbithe humsikia mdogo wake kabla ya kumwona. Njuga huanzia barabarani, zikapinda kona, zikapita penye vyumba vya kupanga, watoto wakizifuata nyuma wakicheza. Mbithe hukoroga mboga akisikiliza. Hakusema amemwamini. Alisema tu anamsikia.

Kisha Jumamosi moja alishtuka kumkuta Muoki amesimama mlangoni. Kimya.

Hakumsalimu. Aliivuta podo begani mwake hata akampepesua. Njuga zilikuwepo zote, mshono wake ule ule, lakini kila moja ilikuwa imezibwa mdomo kwa kitambaa.

"Watoto wananicheka," Muoki alisema haraka.

Mbithe aliyachomoa yale matambara moja moja, akayanusa. Alisubiri damu. Alisubiri ule uchungu wa sumu. Yalinuka mafuta ya mandazi. Akalipeleka moja penye mwanga wa taa: maua ya zambarau, kama ya kile kitambaa anachofunikia beseni la mandazi mtu fulani anayemfahamu.

"Wamboi amefunga mapema leo," alisema.

"Sijui," alijibu Muoki, haraka kuliko mtu asiyejua, na akaanza kutazama paa.

Mbithe aliyakunja yale matambara akayatia mfukoni mwa aproni. Jumatatu angemwuliza Wamboi kama hajapoteza kitu, na angeanza kwa kumtazama usoni.