Damari hajasema “mimina”

Saa moja asubuhi, mjini Singida. Pipa la krimu limeshakorogwa, na wafanyakazi wanne wamesimama na makopo matupu. Wanamngoja Damari akunje mkono wa gauni.

Katika kiwanda hiki cha vipodozi, hakuna kinachoingia kwenye kopo kabla Damari hajajipaka, akanusa, akakaa nacho kidogo, kisha akasema, “Mimina.” Ndivyo ilivyo tangu kampuni ilipokuwa sufuria moja jikoni kwa marehemu Sixbert, Damari akiwa yaya wa nyumba hiyo, ikichemsha mafuta ya alizeti na nta ya nyuki wa msitu wa Mgori.

Sufuria ile ikazaa sabuni, sabuni ikazaa mafuta ya mgando, hayo nayo yakazaa losheni. Magari yakapakia hadi Manyoni.

“Enzi hizo ukipita mnadani Issuna, unajua nani kaoga na nani kanawa uso tu,” anasema Damari.

Sixbert alipofariki, kampuni ilishikwa na mwanawe Gasto, pamoja na wabia wapya. Wabia wakaja na krimu ya kung’arisha ngozi. Leo hakuna bidhaa yao inayotoka kama hiyo.

Damari ameijaribu kwa mwaka mzima, na kila mara amesema mimina. Mkono wake wa kushoto, toka kiwiko hadi kiganja, umebabuka na kuwa mweupe. Jua likiupiga, unawaka kama umemwagiwa uji wa moto. Kanisani huufunika kwa kanga.

“Mkono huo ukisafiri peke yake, utaulizwa pasipoti,” hutania Luciana, mfunga vifuniko.

Damari hucheka. Leo hacheki.

Jumapili alimwona binti wa kwaya, mashavu yamebabuka vilevile. Alipomuuliza anapaka nini, binti akajibu, “Ya kwenu, bibi. Si unaijaribu wewe?”



Gasto anaingia. “Shikamoo, mama. Gari linangoja.”

“Marahaba. Lingoje.”

“Mama, krimu hii si umeipima mwaka mzima?”

“Nimeipima. Majibu haya hapa.”

Anafunua mkono. Luciana anatazama sakafu.

“Wateja wanaitaka wenyewe,” anasema Gasto kwa sauti ya chini.

“Basi jipake mkono wako, baba. Ukisema mimina, watamimina.”

Gasto anautazama mkono wake wenye saa. Analitazama pipa. Kisha anasema ana simu ya kupiga, anatoka nje.

“Na simu kaiacha mezani,” ananong’ona Luciana.

Huko nje dereva anazima injini.

Damari anajua anachokichezea. Mshahara wa shilingi laki moja na tisini ndio unaolisha wajukuu watatu. Akifukuzwa, anasema, sufuria anayo na alizeti Ihanja ipo. Ila hilo silo analolitaka. Anataka pipa limwagwe, na mafuta yale ya kwanza yarudi jikoni.

Kwa hiyo kesho atakuja saa ileile, na ana neno la kumwambia Gasto; leo anamsimulia Luciana kwanza.

“Tulipopika mafuta ya kwanza, yeye alikuwa mgongoni kwangu, mchanga, ngozi imepauka kwa upepo. Baba yake akasema, tuyajaribu kwa mtoto. Nikakataa. Nikajipaka mimi, nikalala nayo, nikaamka nayo. Nilipojiona salama ndipo nikampaka.”

Anashusha mkono wa gauni taratibu, kitambaa kisiguse palipobabuka.

“Hajawahi kuambiwa. Kesho ataambiwa.”