Mikaratusi ya Marehemu

Nilipohamishiwa Songea kufundisha, nilipanga chumba Mfaranyaki kwa mjane aliyeishi kwa bustani yake ya chainizi na figili bondeni. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa: mitumba imejaa sokoni na kila mwenye kiwanja barabarani anajenga fremu za duka. Bustani ile ilitegemea kijito, na kijito kilikuwa kinakauka.

"Mvua zimepungua," aliniambia.

Lakini bonde la pili, mwendo wa dakika kumi tu, lilikuwa na maji mwaka mzima. Mvua gani inachagua bonde? Nikachonga alama kwenye ufito, nikawa nauchomeka majini kila Jumamosi. Majirani walinicheka, wakisema natibu kijito, na mama mwenye nyumba akaudakia utani huo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Ameshuka alama mbili."

Mwezi wa tisa niliamua kufuata vijito vyote viwili hadi vinakoanzia. Chanzo cha bonde la pili kilizungukwa na mikuyu na matete. Chetu kilizungukwa na mikaratusi, imepangwa kama wanafunzi mstarini, na chini yake hakuna hata jani bichi. Nilimuuliza bwana shamba. Akasema mti ule unakunywa kuliko ng'ombe.

Nilimweleza mama.

"Ile kapanda marehemu. Watu walikuwa wanalima mpaka chanzoni, akasema tuweke miti, maji yapate kivuli. Kwa mikono yake, mwalimu. Sasa unaniambia mume wangu ndiye aliyekausha kijito?"

Kwa wiki mbili hakugusa habari ile. Chainizi ikageuka njano. Kisha asubuhi moja nikamkuta uani na shemeji zake wawili na msumeno.

Miti iliyokatwa ikawa mirunda ya ujenzi, ikachukuliwa na wajenzi wa fremu. Mti mmoja, wa kwanza kupandwa, aliuacha. Visiki vilipochipua, kila Jumapili akitoka misani alipita kule na panga kukata machipukizi, bado amevaa kitenge chake cha kanisani. Mikuyu tuliipanda pamoja.

Kiangazi cha pili yake nilishuka na ufito wangu. Maji yalikuwa yamepita alama ya juu kabisa. Nikainama kuchonga nyingine.

"Mwalimu," alisema nyuma yangu, "umepima vya kutosha. Shika ndoo, mwagilia."