Ndururu Kumi na Moja Juu ya Jikoni

Asubuhi nilipokuta jina langu kwenye orodha ya wezi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka kuangalia nyuma yangu, kama vile Makutano nzima, pale mjini Meru, kulikuwa na mwanamke mwingine anayeitwa hivyo. Nyuma yangu kulikuwa na mashine ya fotokopi tu, na mtoto wangu wa miezi saba amelala ndani ya katoni ya karatasi.

Jina lilikuwa langu. Majina yote matatu, mpaka la baba yangu, na sanduku la posta chini yake. Na juu, kwa herufi kubwa: watu wote wa kikundi wajihadhari na mama huyu wa Kenya, amepokea sarafu ya mwenzake, amenyamaza.

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nikapiga meza, mtoto akaamka.

Wacha nieleze nilifikaje huko. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa kimenipeleka popote isipokuwa pale, kwenye ofisi ya kutaipu juu ya duka la mbolea. Nilitaipu barua za kuomba kazi, mihutasari ya vikundi vya akina mama, programu za mazishi. Miaka ya tisini ilikuwa inaisha na tajiri wangu alikuwa ameleta intaneti, wakati Meru wengi walidhani ni aina ya simu. Ilipiga kelele kwanza kama kuku aliyekanyagwa, halafu ukiwa na bahati ikashika. Kwa sababu hakuweza kuniongeza mshahara, aliniruhusu nusu saa kila asubuhi kabla wateja hawajapanda ngazi. "Hiyo ni yako," aliniambia. "Angalia chochote. Usiguse waya."

Wengine wangetafuta wachumba wa ng'ambo. Mimi nilitafuta sarafu. Baba yangu alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, na alipokufa alituachia madeni na kopo la kakao lililojaa pesa za zamani. Ndugu zangu walichukua shamba. Mimi nikapewa kopo, kama mzaha. Basi nikapata kikundi cha watu wa dunia nzima wanaobadilishana sarafu. Unaandika una nini na unatafuta nini, mnakubaliana kwa imeli, halafu kila mmoja anatia yake kwenye bahasha na kwenda posta. Mimi nilitafuta zile zenye picha za mimea: mtama, mahindi, ndizi. Nilipenda kuona kuna serikali iliyofikiria mtama unastahili kukaa mahali pa sura ya mkubwa.

Sheria ya kikundi ilikuwa moja: mgeni anatuma kwanza. Hakuna mahakama wala polisi huko, kuna neno lako tu, na ukilivunja unaandikwa kwenye ile orodha na hakuna mtu atakayekuandikia tena. Nilipoingia, mmoja alipendekeza mbele ya wote kwamba mtu wa Afrika atume kwanza siku zote, hata akishakuwa mwenyeji. Hawakumkemea. Nikasema sawa. Nilituma kwanza mara sita, na mara sita sikumdhulumu mtu hata senti. Mara ya saba, mzee mmoja wa nchi ya baridi, mwalimu mstaafu, akaandika: mama, safari hii nitatuma mimi kwanza, nakuamini.

Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyeongezwa kimo.

Yeye alikusanya vitu vya yule mfalme wa Uingereza aliyekalia kiti miezi michache akakiacha. Ndururu za hapa kwetu, zile senti tano zenye tundu katikati, zilipigwa pia kwa jina lake, na mimi nilikuwa nayo moja yenye herufi mbili ndogo za kiwanda kilichoipiga, ambazo mzee alikuwa amezitafuta miaka. Naye alikuwa na sarafu yenye tawi la kahawa lenye matunda yake, na nilipoona neno kahawa nikamkumbuka baba. Tukakubaliana.

Yake ilifika. Nzito, safi, tawi limechongwa mpaka unaona mishipa ya majani. Yangu ilikuwa Manyatta, kule Embu, kwa mume wangu. Nilikuwa nimejifungulia huko na kukaa miezi minne kwa mama mkwe, na niliporudi kazini niliacha kopo chini ya kitanda, kwa sababu chumba changu cha Meru kiliwahi kuvunjwa. Nikajiambia nitaishukia Jumamosi. Jumamosi mtoto akashikwa na kifua. Jumamosi iliyofuata bado anakohoa. Katikati ya hayo mvua ikaangusha nguzo ya simu na intaneti ikafa wiki mbili na nusu, kwa hiyo hata neno la kumwambia mzee ngoja kidogo sikuweza kulituma. Siku iliporudi, ndiyo hiyo siku.

Tajiri alisoma juu ya bega langu. "Sasa hawa wananichafulia ofisi," alisema. "Mwandikie haraka, omba msamaha."

"Msamaha wa nini? Mimi nimeiba?"

"Mimi najua wewe hujaiba. Yeye anajua aje?"

Nikaandika kwamba sarafu iko, laini ya simu ilikatika, nitaituma Jumatatu. Kisha nikaichapisha ile orodha, nikaikunja, na Jumamosi nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda Embu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Manyatta, mtu mpole, mtu wa kurekebisha vitu. Nilimkuta jikoni na mama yake. Tangu mtoto azaliwe sote tulikuwa tunamwita Cucu, kama mjukuu wake atakavyomwita. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi mbichi. Nilisalimu, nikampa mtoto, nikapita moja kwa moja nyumba kubwa nikavuta kopo chini ya kitanda.

Lilikuwa zito kama kawaida. Nikafungua. Misumari.

Nilimwaga yote kwenye kitanda. Misumari, kipande cha lami kavu, na chini kabisa shilingi chache za zamani zisizo na tundu. Nilirudi jikoni na kopo mkononi.

"Baba mtoto. Hii misumari inafanya nini humu?"

"Ni ile ilibaki."

"Ilibaki na nini?"

"Si upepo uling'oa mabati ya jikoni? Nikapigilia upya."

"Na ndururu zangu ziko wapi?"

Aliangalia juu.

Na mimi nikaangalia juu. Kutoka ndani unaona tu ncha za misumari zimetokeza kwenye mbao, zimeanza kushika moshi. Nilitoka nje nikazunguka mpaka kule kwenye mteremko, mahali paa liko chini. Zilikuwa pale. Kwenye mstari kama vifungo vya kanzu ya padri, kila moja ina msumari katikati na kipande cha ndara chini yake, zimepakwa lami. Kumi na moja.

Nimezaa. Nimezika baba. Sijawahi kusimama mahali nikakosa hata pumzi ya kupiga kelele kama siku ile.

Alinifuata nje. "Misumari ya mabati ilikuwa imeisha kwa duka," alisema. "Ilikuwa ile ya kawaida, yenye kichwa kidogo. Hiyo inapenya bati inatokea. Inataka washa, kile kibati chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa."

"Washa."

"Na hizo zina tundu tayari, mama mtoto. Hata sikuhitaji kutoboa."

Alisema hivyo kama mtu anayengoja kusifiwa! Na Cucu naye, kutoka mlangoni, mtoto begani: "Tangu aziweke, halijaingia hata tone. Baba yako aliacha kitu cha maana."

Ningemlilia Cucu, lakini hasira haikunipa nafasi. Nilitoa karatasi kwenye mfuko wa sweta nikampa mume wangu.

"Soma."

Akasoma kimya. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Soma kwa sauti. Wewe ni mwalimu."

"Ni Kiingereza, mama hataelewa."

"Basi mfafanulie."

"Inasema nini?" Cucu akauliza.

Mume wangu akakohoa. Akaangalia chini, akaangalia karatasi. Akaanza kwa Kiembu, polepole, kama mtoto wa darasa la tatu. "Inasema... watu wasibadilishane vitu na mama mtoto. Inasema kuna mzee alimtumia kitu, yeye akachukua, akanyamaza."

"Akaiba?"

"Ndiyo neno lililoandikwa."

"Na nani wanasoma hiyo?"

"Watu wa kila mahali," nikasema mimi. "Nchi ambazo hata yeye hazifundishi. Na kitu cha kumlipa huyo mzee kimepigiliwa juu ya sufuria yako."

Cucu alinirudishia mtoto. Alifuta mikono kwenye leso. Huyu ni mama aliyemlea mwanawe bila kumpiga, mwenyewe alijisifia hivyo kila mara, na sikuwa nimewahi kumsikia akitumia sauti ile.

"Lete ngazi. Panda."

"Mami, mvua hiyo inakuja."

"Inyeshe. Nitapika nikiwa nimefunika kichwa. Umemfanya mke wako mwizi ili mimi nisilowe? Panda."

Akapanda. Mimi nikasimama chini namwelekeza. Iliyotakiwa ilikuwa na jina la mfalme lakini haikuwa na sura yake, na herufi mbili ndogo pembeni mwa tundu. Alikwangua lami kwa kisu, akatema mate, akasugua kwa kidole gumba.

"Hii?"

"Soma herufi!"

"Sioni herufi."

"Basi si hiyo. Endelea!"

Jirani alisimama kwenye ua akauliza tunatafuta nini juu ya paa. Cucu akamjibu, "Heshima." Jirani akaondoka.

Ilikuwa ya tisa. Msumari ulilia ukitoka. Aliitupa nikaidaka kwa sketi, na kabla sijaifuta nilishajua. Nyundo ilikuwa imekosea kichwa cha msumari ikapiga sarafu, na taji lilikuwa limelala, limekuwa kovu. Tundu lenyewe lilikuwa limepasuka upande mmoja mpaka ukingoni. Herufi mbili zilionekana vizuri kabisa, kama zinanicheka. Kitu kilichotembea mikononi mwa watu miaka yote hiyo, kikanusurika vita na masoko na mifuko iliyotoboka, kikafa Manyatta kwa mkono wa mtu mwenye diploma.

"Inaweza kunyooshwa," mume wangu alisema kutoka juu ya ngazi.

Nilimwambia akithubutu kuigusa nitampigilia yeye.

Jumatatu nilipeleka bahasha mbili posta kwa rejista, pesa ikatoka mfukoni kwa mume wangu. Moja ilikuwa na sarafu ya mzee ya tawi la kahawa, kama ilivyonifikia. Ya pili ilikuwa na ndururu, na lami yake. Halafu nikaketi kwenye kompyuta. Tajiri alitaka niseme ilipotea posta. "Wazungu wanaelewa posta," alisema. Nilimwambia tayari nimeitwa mwizi bila kuiba, sitaongeza uongo ambao nimeusema kweli. Niliandika kwa Kiingereza changu cha shule: mume wangu alitumia sarafu kuezeka jiko la mama yake, imeharibika, nimekurudishia yako na nimekutumia yangu uone kwa macho, ondoa jina langu.

Nilingoja wiki tatu. Kila asubuhi nilifungua, kila asubuhi jina liko. Halafu siku moja likawa halipo. Mzee alikuwa amewaandikia wote mstari mmoja, kwamba jambo lake na yule mama wa Kenya limekwisha.

Limekwisha! Kama vile nilikuwa nimeiba nikarudisha. Mtoto alikuwa titini. Nikamshika kwa mkono mmoja na kutaipu kwa mwingine, si kwake sasa, kwa wote. Niliwaambia yote, kuanzia mtoto kukohoa, na nguzo ya simu, na misumari ya kichwa kidogo, mpaka Cucu kupika amefunika kichwa. Nikamalizia: aliyeniita mwizi mbele yenu aniambie mbele yenu kwamba mimi si mwizi. Nikatuma kabla tajiri hajapanda ngazi.

Kesho yake mzee aliandika. Safari hii ilikuwa ukurasa mzima. Alisema alikuwa na ndururu mbele yake mezani, na kwamba alipaswa kungoja, na mtu wa nchi yake angemngoja zaidi ya hapo. Aliandika maneno yale, wazi, na majina yangu matatu: si mwizi, hakuwa mwizi. Nilikaa nikiyatazama mpaka mteja akagonga kaunta.

Chini yake walikuwa wameanza wengine, zaidi ya ishirini. Wengi walikuwa wanacheka tu. Lakini saba walikuwa wanauliza kitu kimoja, hata yule aliyetaka Mwafrika atume kwanza milele: zile kumi zilizobaki juu ya paa, ningekubali kubadilisha na nini? Mmoja alitaka yenye msumari wake, using'olewe.

Nilishangaa upya. Niliwajibu wote saba pamoja kwamba hizo hazibadilishwi na kitu, mvua ya Embu haijaisha, na chini yake kuna mtu anapika. Kisha nikazima, kwa sababu nusu saa yangu ilikuwa imekwisha na kulikuwa na programu ya mazishi ya kutaipu.